Ghorofa ya Ndala Nne

Mtu akija kwangu na kiatu, simwangalii usoni kwanza. Nitamwamkia vizuri, nitamsogezea kigoda, lakini macho yangu yatakuwa yameshashuka chini. Huyu anakanyagia upande wa nje. Huyu anaburuta. Huyu anaendesha pikipiki, maana kiatu cha kushoto kimechubuka juu, pale vidole vinapopandisha gia. Hapa Kwamndolwa naweza kupita mbele ya nyumba yenye kikao, nikatazama ndala zilizovuliwa mlangoni, nikakuambia nani yumo ndani na nani ameshaondoka.

Ndiyo maana habari ya Justa niliijua kabla hajanifungulia mdomo.

Alikuja Jumatatu asubuhi, uzi mweupe bado umemning'inia begani. Justa ni fundi nguo, kibanda chake cha cherehani ni nyumba ya nne kutoka kwetu, na amenizidi miaka mitatu. Alitoa kwenye mfuko viatu vya mchuchumio vya rangi ya dhahabu, vinang'aa mpaka kuku wakasogea kuangalia.

"Zamda, nitengenezee."

"Vimeharibika wapi, dada? Mbona vipya?"

"Viatu havijaharibika. Nitengenezee mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, akanieleza. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kwao kabla ya harusi, ilikuwa Jumamosi ya wiki tano mbele, ukumbini Korogwe mjini. Mchumba wake Gerald ni mtu wa Handeni, na ndugu zake wangekuja basi zima. Jana yake kamati ilikuwa imekaa, mwenyekiti akiwa Baba Mkubwa Mathias, kaka wa marehemu baba yake.

"Wamepanga niingizwe ukumbini saa tisa, kabla watu hawajafika," Justa akasema. "Nikalishwe kwenye kile kiti cha mapambo, wageni wakija wanikute nimekaa. Ati nisichoke."

"Usichoke na nini?"

"Na kutembea, Zamda! Wakwe wasinione natembea. Hawakutamka hivyo, lakini nimewasikia hivyo."

Alipokuwa na miaka saba Justa alidondoka kwenye trela la mkonge, mguu wa kushoto ukavunjika, mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo mguu ule ni mfupi. Anatembea kwa kuzama upande mmoja, hatua moja juu, hatua moja chini, na sisi wa mtaani tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena. Lakini mimi nilikuwa naona. Ndala yake ya kushoto ilikuwa imelika kwenye vidole mpaka inataka kutoboka, na kisigino chake kilikuwa kipya vile vile kama siku ilipotoka dukani. Miaka yote hiyo kisigino cha kushoto hakijawahi kugusa ardhi.

"Nimeshona magauni ya kuingilia ya mabibi harusi kumi na saba," akasema. "Kumi na saba! Wote nimesimama pembeni nikawaona wanaingia, muziki unapigwa, watu wamesimama, simu ziko juu. Mimi nataka kuingia. Basi. Kukaa nitakaa nikizeeka."

Vidole vilianza kuniwasha kama mtu aliyeona kazi yake.

"Acha hapo," nikamwambia. "Kesho kutwa njoo."

Sasa niseme kosa langu, maana lilikuwa langu peke yangu. Baada ya darasa la saba nilipelekwa Handeni kwa shangazi, nikawa nauza karanga sokoni, pembeni ya fundi anayeitwa Mzee Awadhi. Mzee Awadhi anatengeneza katambuga, zile ndala za tairi wanazovaa wafugaji. Hakunifundisha. Mimi nilikuwa naangalia tu, miaka miwili. Siku moja alikwenda kuswali, akaja mteja kamba yake imekatika, nikashika msharasi nikashona. Mzee aliporudi akageuza kiatu, akauliza, "Nani kashona?" Nikaficha msharasi nyuma. Akasema, "Karanga utauza jioni." Tangu siku ile nikawa fundi. Kwa hiyo mkononi mwangu dawa ya kila kiatu ni tairi.

Nikamsimamisha Justa juu ya vipande vya tairi, mguu wa kushoto, nikamwambia aseme pakiwa sawa. Kipande cha pili tu akasema, "Hapo hapo! Sawa kabisa!" Nikamwamini. Nikakata, nikapiga misumari, nikafunga chini ya ndala yake ya mazoezi. Alhamisi tukajaribu uani kwao, mama yake akiwa anageuza mahindi aliyoanika kwenye turubai.

Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu Justa akaenda, kiatu kikabaki. Akadondoka mzima mzima juu ya mahindi.

"Haya!" Mama Justa akapiga makofi. "Ndiyo sendofu yenyewe hiyo? Utaingia ukumbini kwa tumbo? Na wewe Zamda, unataka kunivunjia mtoto kabla hajaolewa?"

Tulicheka wote watatu, Justa na punje za mahindi kwenye nywele. Halafu yeye akaacha kucheka kabla yetu.

"Labda Baba Mkubwa yuko sahihi," akasema taratibu. "Kiti si kibaya."

Hilo neno lilinichoma kuliko kiatu chenyewe. Asubuhi yake nilipanda basi la kwanza, kiatu cha tairi kwenye kikapu, mpaka Handeni.

Mzee Awadhi alikuwa pale pale, kwenye gunia lake, kisu mkononi, ametoa ulimi kidogo kama afanyavyo akikata tairi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umerudi kuuza karanga?"

"Nimeharibu kiatu."

"Cha nani?"

"Cha bibi harusi."

Nikakitoa. Akakishika, akakipima uzito mkononi, akaniangalia, akageuka kwa majirani zake wauza vitunguu. "Njooni muone! Binti yangu kamfunga bibi harusi gurudumu! Akiingia ukumbini apige na honi!"

Walicheka mpaka mama mmoja akafuta machozi kwa kitenge. Mimi nilisubiri. Kwa Mzee Awadhi lazima usubiri.

Wakati bado anacheka alifika mfugaji mmoja, mzee mrefu wa Kimaasai, anaegemea fimbo. Ng'ombe alimwangukia nyonga mwaka jana, upande mmoja ukashuka. Mzee Awadhi hakumwuliza kitu. Alichukua ndala chakavu kutoka kwenye mfuko, akakata kipande chembamba, akakiweka ndani ya katambuga ya yule mzee chini ya kisigino, akapaka gundi, akamrudishia. Yule mzee akatembea hatua tano, akarudi, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

"Mbona chembamba hivyo babu?" nikauliza. "Pengo lake ni kubwa."

"Hiki ni cha leo. Gulio lijalo atakuja, nitamwekea kingine. Hivyo hivyo mpaka anyooke." Akarudi kwenye tairi lake. "Mwili umeshazoea kuinama, wewe. Ukiunyanyua wote siku moja, unagoma. Kiuno kinauma, mtu anatupa kiatu. Wewe umempiga mwenzio jeki kama lori."

Nikakitazama kile kipande cha ndala kilichobaki chini. Nikakiokota. Chepesi kama hakuna kitu.

"Babu, naomba hizo ndala zako mbovu."

"Hizi zina kazi. Huko kwenu watu wanatembea pekupeku?"

Nilirudi Korogwe nacheka peke yangu dirishani, mpaka dada niliyekaa naye akaniuliza kama nimeposwa.

Kuna kitu kipo kila nyumba na hakuna anayekitupa: ndala moja iliyofiwa na mwenzake. Iko juu ya paa la banda, iko chini ya kitanda, iko nyuma ya pipa. Nikaanza kupita kuziomba. Nilitaka moja kila mahali, nzima, ngumu kidogo, isiyolika. Sikusema za nini, maana Justa alitaka iwe siri yetu na mama yake.

Bibi Salome alinipa ya bluu. "Mwenzake alichukua mbwa wa hapo jirani, na nilimwona kwa macho yangu, usimtetee."

"Simtetei, bibi."

Peter wa bodaboda alinipa ya kijani. "Ya pili ilidondoka Segera. Niko kasi, nina abiria, nigeuke kwa ajili ya ndala? Lakini we Zamda, ndala moja unataka ya nini? Umepata mchumba wa mguu mmoja?"

"Nimepata. Anakuzidi urefu."

Ya tatu, nyekundu, ilikuwa yangu mwenyewe. Nikaanza na ya bluu. Nikaikata, nikaisugua kwa msasa pande zote mbili, nikapaka gundi, nikasubiri ikauke mpaka isinase kidole, ndiyo nikabandika chini ya ndala ya mazoezi ya Justa, nikashona kwa uzi wa nailoni. Nikamwambia, "Leo bluu tu. Tembea nayo wiki nzima, ukishona, ukipika, ukienda bombani, kanga iifunike."

"Bluu tu? Siku zinakwenda, Zamda!"

"Zinakwenda na sisi tunakwenda."

Siku ya kuongeza ya pili nilimkuta ametoka kuoga, amejifunga kanga kiunoni. Nikamsimamisha palepale, nikaweka ya kijani chini ya mguu.

"Sawa kabisa!" akasema, kama alivyosema kwenye tairi.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa. Nikatazama pindo la kanga. Lile pindo jeusi limeinama kushoto kama mtumbwi unaotaka kuzama.

"Dada Justa, si sawa. Angalia chini."

Akaangalia. "Aa! Kanga nimeifunga vibaya." Akaifungua, akaifunga upya, akaivuta pande zote. Pindo likainama vile vile.

"Mbona kwenye sketi zako huwa haionekani?" nikamwuliza. Nimemwangalia Justa miaka, na sketi zake siku zote ziko sawasawa na ardhi.

Akaanza kucheka, akakaa chini kabisa kwa kucheka. "Nakata kushoto fupi! Vidole vitatu! Tangu najifunza cherehani. Sijamwambia mtu. Hata mama hajui!"

"Kumbe unawadanganya watu kwa mkasi?"

"Miaka minane!"

Nikaelewa basi kwa nini mdomo wake hauwezi kupima. Kwake yeye kuinama ndiko kunyooka. Tangu siku ile kanga ikawa pimamaji yetu. Justa akisema sawa, mimi naliuliza pindo.

Kila Jumapili mchana, watu wakiwa wamepumzika, tulikwenda kwenye njia ya nyuma ya shamba lao. Mimi natoa simu yangu. Ni ya tachi, kioo kimepasuka kwenye kona, nimebandika protekta juu yake, na kava lake nimelishona mwenyewe kwa ngozi ya pochi ya mtumba na shanga mbili. Haipendezi kwa kila mtu lakini haijawahi kuniponyoka. Nikawa namrekodi Justa akienda na kurudi, kanga kiunoni, mahindi pande zote.

Alikuwa hajawahi kujiona anatembea, fikiria. Video ya kwanza aliiangalia mara moja, akageuza simu kifudifudi kwenye paja lake. Video ya pili, ya ndala mbili, akasema, "Hebu rudisha." Ya tatu aliangalia akiwa amesimama, anaiga mabega yake mwenyewe. Na hakukuwa rahisi, nisidanganye. Kiuno kilimwuma, paja lilimkaza, siku moja alinirushia kiatu. Lakini kesho yake asubuhi nilimsikia anapita mlangoni kwangu na nikamjua kwa mlio mpya. Zamani ilikuwa tap, kimya, tap, kimya. Sasa ilikuwa tap, tap.

Nikatoka mbio na mswaki mdomoni. "Rudia! Pita tena!"

Akapita tena. Akapita mara nne. Mama Justa akatoka kuangalia wendawazimu wawili barabarani, akasimama, mikono kiunoni. Jioni akaja kwangu na ndala moja ya njano, ameiosha, imekauka.

"Umesema zinatakiwa nne," akasema. "Ya mwisho iwe ya mama mtu."

Tulikwenda sokoni Korogwe kurudisha mchuchumio. Nilimwambia Justa kisigino kirefu hakina maana kwetu, tunataka simpo, kiatu cha chini chenye soli bapa, dhahabu ile ile. Nilikunja jozi tisa. Nilinusa gundi, nilibonyeza ncha kwa dole gumba, niliingiza mkono ndani kutafuta mshono unaokwaruza.

"Dada, unanunua kiatu au unakagua ng'ombe?" muuzaji akauliza.

"Ng'ombe angekuwa rahisi, angelia."

Jozi ya kumi ndiyo ilikuwa yenyewe. Nikazihamishia ndala nne chini ya simpo ya kushoto: bluu, kijani, nyekundu, njano. Nikazichonga kwa kisu kilichopashwa moto zifuate umbo la mguu, kisigino kinene, mbele panateremka taratibu ili mguu uviringike. Halafu msasa, mpaka ubavu ukawa laini, mistari minne ya rangi imepangana. Nikakiweka kizingitini nikakaa kukiangalia. Jamani. Nimetengeneza viatu vingi, lakini sijawahi kukaa na kimoja tu hivyo.

"Tukifunike kitambaa cha dhahabu?" nikauliza, ingawa roho haikutaka.

"Cha nini? Gauni linafika chini," Justa akasema. "Hakuna atakayeona."

Gauni alikuwa ameshalimaliza, mwezi mmoja nyuma. Rangi ya machungwa iliyoiva, na shanga kifuani. Alilijaribu siku ile kwenye cherehani yake, pekupeku, likakaa vizuri, akalikunja, likaingia sandukuni. Si mimi wala yeye aliyefikiria zaidi ya hapo. Mafundi wawili!

Jumamosi ikafika. Tulikuwa saluni, karibu na ukumbi, mimi, Justa na msusi. Mpango wetu ulikuwa mdogo tu: kuchelewa. Baba Mkubwa akipiga simu saa tisa, tusiwe tayari, wageni wakae, halafu Justa aingie kwa miguu yake.

Saa tisa kamili simu ikalia. Nikapokea mimi.

"Shikamoo baba. Nywele bado."

Saa tisa na nusu. "Shikamoo tena baba. Kucha zinakauka."

Saa kumi. "Baba, kope moja imedondoka, tunaitafuta." Msusi alikuwa ameshajifunika uso kwa taulo, anacheka.

Ndipo Justa akavaa gauni. Akavaa viatu vyote viwili. Akasimama mbele ya kioo kirefu.

Msusi akashusha taulo.

Kulia gauni lilifika sakafuni. Kushoto lilikuwa juu, vidole vitatu kamili, na chini yake ghorofa yangu yote iko wazi: bluu, kijani, nyekundu, njano.

"Nimekata," Justa akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Zamda, nimekata kushoto fupi. Mkono umekata wenyewe. Sikufikiri hata."

"Ulibakiza upindo ndani?"

"Kidole kimoja. Hakitoshi. Nikikata na kulia, litakuwa la mdogo wangu."

Akavua kiatu cha kushoto. Akasimama kwenye mguu mtupu. Gauni likashuka, likagusa sakafu kote sawasawa, zuri, hakuna kasoro. Na palepale bega la kushoto likashuka nalo, na shingo ikapinda kidogo kwenda kulia, kama zamani. Kwenye kioo walikuwa wawili: mmoja gauni limenyooka, mmoja yeye amenyooka. Hawakuweza kuwa mtu mmoja siku ile.

Nilitaka sana kusema. Nikauma mdomo. Mguu si wangu, sendofu si yangu.

Mlango ukagongwa. Baba Mkubwa Mathias, suti ya kijivu, jasho kipajini. "Jamani! Watu wameshajaa! Basi la Handeni limefika, mashangazi wako mstari wa mbele. Gari iko mlangoni, tupitie mlango wa nyuma upesi nikukalishe, mshereheshaji awazuge kidogo." Akauona mguu mtupu, akalainika. "Mama, umependeza. Twende ukakae."

Justa alimwangalia kwenye kioo. Kisha akaniangalia mimi.

"Watu wa Kwamndolwa wamekaa upande gani?"

"Kushoto," Baba Mkubwa akajibu. "Kwani vipi?"

"Vizuri. Zamda, nipe kiatu."

Nikapiga magoti nikamvisha. Kamba ya kiatu ilinishinda mara mbili, ya tatu ikafunga.

"Baba Mkubwa, mlango wa mbele," Justa akasema. "Wewe tangulia, kamwambie anayepiga muziki."

"Lakini ratiba imechapwa!"

"Ichapwe tena!"

Ukumbi huo mlango wake una ngazi tatu. Nilizihesabu mimi kwa niaba yake. Moja, mbili, tatu. Muziki ukakatika, ukaanza mwingine wenye ngoma nzito, milango ikafunguliwa, na Justa akaingia.

Tap, tap. Sikusikia, kwa kelele zile nani angesikia, lakini niliona mabega. Yalikuwa kwenye mstari mmoja. Watu walisimama meza kwa meza, simu zikapanda juu, na mimi nyuma yake nimeshika pindo la gauni, nalia na kucheka.

Katikati ya njia, meza za kushoto zikaona. Nilijua zitaona. Peter wa bodaboda ndiye alianza, na sauti yake ile ya kuitia abiria stendi.

"Ile kijani! Oya! Ile kijani ni ndala yangu! Mwenzake yuko Segera!"

"Na bluu yangu!" Bibi Salome akapanda juu ya kiti, mwenye miaka sabini, wajukuu wanamshika miguu. "Bluu ile yangu, mbwa alikosa ile!"

Mama Justa hakungoja. "Njano ya mama mtu!" akapiga kigelegele kilichokata ngoma, na mashangazi wa Handeni mstari wa mbele, ambao hawakujua lolote kuhusu ndala wala mbwa, wakakipokea, maana kigelegele hakiachwi peke yake.

Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na ratiba mkononi. Akaitazama ratiba. Akamtazama Justa. Akaikunja ratiba akaitia mfukoni. "Jamani, bibi harusi wetu hakuja na viatu, kaja na ghorofa! Ghorofa nne, rangi nne!"

Tukafika kwenye kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kizuri, kimefungwa kitambaa cheupe na maua, na Baba Mkubwa amesimama kando yake, mkono kwenye kiegemeo, tayari kumkalisha. Justa akasimama mbele yake.

"Ilikuwa aletewe mume hapa alipo," mshereheshaji akasema. "Lakini mimi namwona bibi harusi ana miguu ya kazi. Akamtafute mwenyewe! Mume wako yupo humu, mama. Umejificha wapi, shemeji? Usitoke!"

Justa akakipita kile kiti. Akazunguka meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alichungulia chini ya kofia ya mzee mmoja wa Handeni, ukumbi mzima ukaangua kicheko, akamwamkia, akaendelea. Aliwapita mashangazi mmoja mmoja na kila mmoja alimtazama mguuni, kweli, na kila mmoja akamwuliza mwenzake kiatu kile kinauzwa wapi. Gerald alikuwa meza ya mwisho kabisa ukutani, amejificha nyuma ya binamu zake, anacheka kama mtoto. Alipomvuta mkono akasimama, macho yao yakakaribia kulingana.

"Mbona umerefuka?" nikamsikia Gerald anauliza.

"Sijarefuka. Nimesimama."

Walirudi mbele pamoja, wakacheza, akacheza na mama yake, akacheza na Bibi Salome, akacheza na mimi. Kukaa hakukaa. Nilipotazama kile kiti tena, Baba Mkubwa Mathias alikuwa amekaa yeye, tai ameilegeza, anapepewa na binti yake kwa ratiba iliyochapwa, na mguu wake unagonga ngoma sakafuni.

Ilipoisha, watu wakisukumana kutoka, Justa alikuja akashika bega langu, akavua kiatu cha kushoto akanipa. "Mguu unawaka moto. Angalia kama gundi imeshika."

Nilikigeuza. Gundi ilikuwa imeshika, uzi umeshika. Lakini si hicho nilichokuwa natafuta. Nikakisogeza kwenye mwanga wa taa ya mlangoni, nikapitisha kidole kwenye kisigino, pale ambapo Justa hakuwahi kukanyagia. Palikuwa pamechubuka. Njano ya mama yake ilikuwa imelika upande mmoja, imeingia vumbi la ukumbi na punje za pilau.

"Kimeharibika?" Justa akauliza.

"Kimelika," nikamwambia. "Jumatatu lete, nitakubadilishia kisigino."